Ufagio wa Shangazi

Neema mjukuu wangu,

Huku Durban tuko wazima, ila miguu yangu imechoka kusimama saluni. Umeniuliza programu yenu ya likizo, huko pwani ya Australia, inakosa nini. Nimeisoma: kila saa iko na kazi.

Nikiwa msichana niliugua, nikatumwa Uvira kwa shangazi nipumzike kando ya ziwa. Asubuhi ya kwanza nikafagia uwanja wote. Shangazi akaninyang'anya ufagio. "Ukifagia unaninyima mgeni," akasema, na machozi yakamtoka. Nikaketi kwa aibu. Mchana ule ndipo niliposikia ziwa.

Bahari ya hapa naiona kwenye dirisha la taksi tu. Siku moja iacheni tupu. Ukikaa wewe, Neema, na mimi nitakuwa nimekaa.

Koko wako