Sari ya Kijani

Jumatatu, 18 Novemba

Pasi tangu asubuhi. Mashati kumi na moja ya majirani, na gauni moja la marinda yasiyoisha. Mgongo umegoma, mguu nao umevimba.

Dereva wa wale Wahindi niliowalelea mtoto amenikuta katikati ya kazi. Ameleta kadi ya harusi, nzito kama sahani. Kavita anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nyuma ameandika kwa mkono wake: Yaya, lazima uje. Jumapili yake anapanda ndege na mumewe kwenda Kanada. Kuishi huko.

Nilimpokea akiwa na wiki sita. Nikamwacha ana miaka kumi na mitano, walipoona hahitaji yaya tena. Hata tabia hii ya kuandika niliipata kwao. Mama yake alitaka kila kitu kwenye daftari, saa ya maziwa, saa ya homa. Miaka yote hiyo sikuwahi kukalia kiti cha sebuleni. Sasa nataka kitu kimoja tu. Anione nimeketi kati ya wageni kabla hajaondoka. Basi.

Jumatano, 20 Novemba

Nguo zote kitandani. Aibu tupu. Nyeupe ya chama cha akina mama kanisani ndiyo bora, lakini kwao nyeupe ni ya msiba. Sketi nyeusi, mkosi. Nyekundu ni ya bibi harusi. Sheria zao nazijua kuliko nyimbo za kanisani kwangu.

Kimebaki kitenge cha zambarau nilichoshonewa Nafula alipohitimu. Nafula ni mtoto wa kaka yangu, huniita Senje, yaani shangazi. Yuko benki Upper Hill, tunaishi naye hapa Woodley. Ameniona nikijigeuza mbele ya kioo akacheka mpaka akakaa sakafuni. Eti nani anaolewa, Kavita au mimi? Mjinga huyu. Nimecheka pia. Lakini kitenge kinabana kiunoni.

Ijumaa, 22 Novemba

Dereva tena. Mfuko wa karatasi. Ndani sari ya kijani, pindo la dhahabu, petikoti na blauzi yake. Hakuna barua. Dereva anasema katumwa na Mama Kavita, hajui zaidi.

Nimelia. Nimekaa kitandani nikalia kama mtoto.

Kisha nikajaribu kuivaa. Nimemvalisha Mama Kavita sari miaka na miaka, pini mdomoni, marinda vidoleni, dakika saba yuko tayari. Kwenye mwili wangu mwenyewe nimeshindwa. Marinda yanaangukia upande. Itabidi nimfundishe Nafula anivalishe. Nimefurahi kupita kiasi, na mimi furaha ikizidi huwa naogopa.

Jumanne, 26 Novemba

Kavita amepakwa hina leo. Nimeenda Kileleshwa kwa bodaboda kumwona. Nimeingilia mlango wa jikoni. Hakuna aliyeniambia. Miguu ilijua yenyewe.

Nyuma ya mlango zilitundikwa sari mbili. Moja ya Njeri, mpishi wao wa tangu zamani. Nyingine ya msichana mpya wa kazi, hata mwaka hajamaliza. Kijani kile kile, pindo lile lile. Jora moja na yangu.

Njeri alikuwa anaisifu yake. Sikumsikia. Nilikuwa naangalia chini ya sinki, pale kilipokaa kikombe changu miaka yote, kando na sabuni, kisichanganyike na vyao. Kuuliza si ujinga. Sikuuliza.

Kavita aliniita kutoka sebuleni, mikono juu, hina mbichi, hawezi kunikumbatia. Jumamosi usichelewe, Yaya. Shangazi zake wakamfunika. Mama yake alinipungia mkono huku anaongea na simu. Nikarudi nilikoingilia.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemweleza Nafula. Alikasirika kuliko mimi. "Senje, hiyo ni uniform, bana! Wanataka watu wajue ni nani wa kubeba sahani."

Kwetu harusini, sare ni ya watu wa nyumbani. Nimelifikiria hilo pia, kwa dakika moja. Nimelikataa. Nimepiga pasi nguo za harusi zao nyingi. Wale kila mtu huvaa yake, tena hushindana. Sijawahi kuona sare.

Nitavaa kitenge. Fundi wa Kenyatta Market amekiongeza kiunoni. Mgeni ni mgeni.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua. Sari iko juu ya kabati, kwenye mfuko wake. Nina hasira na sijui ya nani.

Jumamosi, 30 Novemba

Niandike kabla sijalala, la sivyo sitaandika kamwe.

Nilifika mapema. Kitenge kimenikaa, kilemba kimesimama. Mlangoni pa ukumbi kulikuwa na kijana wa kike mwenye orodha, mtu wa kukodishwa, hanijui. Nikamwambia nimekuja kwa upande wa bibi harusi. Akanitazama juu mpaka chini, kwa heshima kabisa. "Family ya bibi harusi wako na green, mum. Wanakaa pale mbele. Wewe chukua seat yoyote huku nyuma."

Nikatazama mbele. Kijani. Shangazi zake wote wawili. Dada za mama yake. Mama Kavita mwenyewe, kijani kile kile, pindo lile lile. Katikati yao Njeri, ameketi kama malkia, na msichana wa kazi pembeni yake. Na kiti kimoja kitupu.

Ningesema nini? Kwamba mimi pia ni wa kijani, ila yangu iko juu ya kabati kwa sababu niliwadhania ubaya? Kurudi Woodley ni saa nzima, na Jumamosi barabara haipitiki. Nikakaa nyuma, na watu wa ofisi ya bwana harusi. Walikuwa wazuri kwangu. Waliniletea soda. Nilikuwa mgeni kamili, kama nilivyotaka.

Kavita alipoingia alipita mbali nami. Mwekundu, mdogo, amebanwa na dhahabu. Alipoketi aliangalia mstari wa kijani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilimwona akiangalia.

Mwisho kabisa ni ile ya kuaga. Bibi harusi akitoka kwao hutupa mchele nyuma juu ya kichwa chake, hageuki, na waliomlea wanaudaka kwa nguo zao. Ni kurudisha chakula alicholishwa. Wa kijani wote walijipanga wametandaza pindo. Mama Kavita analia. Njeri analia. Mimi nilijisukuma mpaka nikafika nyuma ya mwanamume mmoja mrefu mwenye kilemba cha Kisingasinga. Nikainua mkono. Kavita aligeuka, ingawa haitakiwi kugeuka. Akatafuta. Macho yake yalipita juu ya zambarau kana kwamba ni pazia.

Gari likaondoka. Sikugusa hata punje moja.

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani sikwenda.

Njeri amepiga simu. "Mguu unaendeleaje? Kavita amekuulizia mpaka tukachoka, tukamwambia labda ni mguu." Kumbe Kavita ndiye aliyechagua kile kitambaa, akagombana na mama yake wiki nzima. Alitaka wote waliomlea wavae kimoja. Msichana wa kazi aliongezwa tu, asilie jikoni peke yake. Niliambiwa haya yote kama mtu aliyekuwa nyumbani amelala.

Sikumwambia Njeri kwamba nilikuwepo. Nikasema ndiyo, ni mguu.

Nafula anataka nimwandikie Kavita ukweli. Ukweli gani? Kwamba nilikuwa pale, nimevaa zambarau kwa sababu nilimdhania ni kama wale walioweka kikombe changu chini ya sinki? Afadhali aamini mguu. Ndege iliondoka saa nne.

Jumatano, 4 Desemba

Jua leo. Njeri amemtumia Nafula picha. Wanawake wa kijani kwa mstari, Kavita katikati. Kushoto kwake kuna nafasi wazi. Njeri anasema mpiga picha aliwaambia wasogee waizibe, Kavita akakataa.

Nafula aliikuza kwa vidole. Akaniuliza kama anitumie kwenye simu yangu. Nikasema hapana.

Baadaye nikasema ndiyo.