Uji kwenye Maji Mazito

Maryanne, keti kwanza. Obonyo ametuaibisha kwa maabara ya chuo.

Daktari Apiyo alituonyesha kichupa chembamba. Ndani mna DNA fupi iliyotengenezwa na watu, imeyeyushwa kwenye maji mazito, yaani yenye hidrojeni nzito kuliko ya kawaida, na mashine itaonyesha inavyojikunja. Ndicho pekee alichonacho.

Maji mazito. Obonyo aliona maji mepesi tu, kama ya bomba, akaamua kumpa mazito ya kweli. Daktari alipogeuka, akakificha kwa soksi, akaweka kingine cha pale mezani, alichokijaza uji wetu wa asubuhi aliobeba.

Daktari akakiinua. "Nani ameniletea kiamsha kinywa?"

Obonyo akavua kiatu, akakitoa kwenye soksi. Kichupa kizima, Mungu ni mwema.

"Bwana Obonyo, hii DNA ina herufi kumi na mbili na inajua kukaa mahali pake. Wewe una bilioni tatu, na kiti kimekushinda."

Bweni zima sasa linamwita Bilioni Tatu. Anaitika.