Swali Lako Mbele ya Bani Lililoungua

Mpendwa Mayu, mama wa mume wangu,

Nimechoka. Naanza hivyo kwa sababu hata ulipokuwa hai hukupenda nikuzungushe. Magoti yananiuma, nyumba hii ya Ipuli imekuwa kubwa ghafla, na Jumapili iliyopita watu waliposimama kwenda meza ya Bwana mimi nilibaki kwenye benchi nikijifanya natafuta leso. Wewe ulikuwa ukisema, "Mdomo unaopokea mkate wa Bwana usirushe mawe." Wangu umerusha.

Jiwe lenyewe limempata Eliza, mke wa mwanangu Yona, mjukuu wako. Alianika karanga zote tulizovuna Itetemia, akaenda mazoezi ya kwaya, akachelewa. Mvua kubwa ikazibeba hadi mtaroni. Msimu mzima, Mayu! Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Ndiyo shida ya kuoa mtu asiyelelewa na mama." Na mama yake alifariki akimzaa yeye. Nilijua vizuri, maana alinisimulia mwenyewe tukichambua mchele. Alifunga nguo zake, akapanda basi kwenda Igunga kwa shangazi yake, na hii ni wiki ya tatu. Yona ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, basi. Hakai.

Ndiyo maana nakukumbuka wewe na lile bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto.

Unakumbuka mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa? Mgambo walipokuja kuezua paa letu la zamani, uliwapa maji ya kunywa. "Karibuni maji wanangu, jua kali." Mimi nilitaka kuwamwagia! Nilikuona mnafiki, nikuambie ukweli leo. Lakini yule mkubwa wao alirudisha kata, akaanza kushusha nguzo zetu taratibu na kuzifunga kamba, ili tukajengee kule tuendako. Za jirani zilivunjwavunjwa tu.

Huko kijijini nilikuwa bibi arusi wa miezi minne, mtoto wa wakulima wa pamba. Tumbaku nilikuwa naiona kwa wavutaji tu. Zamu yangu ya kuchochea bani ilipofika, mwenzangu akaenda kliniki, nikabaki peke yangu toka alfajiri. Kumbe moto wa tumbaku unapandishwa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Mimi nikaona tunacheleweshana bure, nikasukumia magogo makavu. Kufika saa sita mchana bani lote linawaka, na ndani yake jasho la kijiji kizima.

Loo, yale maneno! Mwenyekiti aligonga kipande cha reli, watu wakajaa. "Mhujumu huyu!" Siku zile neno hilo halikuwa la mchezo, mtu aliweza kulala ndani kwa ajili yake. Mwanao, mume wangu, aliangalia chini. Nilisimama na masizi usoni, nikajua narudishwa kwetu.

Ndipo ukaja wewe kutoka shambani, jembe begani. Ulipita katikati ya wote bila kuwatazama, ukanishika kidevu, ukaniuliza, "Mwanangu, umekula?"

Sikuwa nimekula toka jana yake. Nililia kama mtoto. Nawe ukamgeukia mwenyekiti, sauti ile ile ya chini. "Amekosa, ndugu mwenyekiti. Na sisi tumekosa, tumempa moto tusiomfundisha. Acha ale kwanza, halafu tuzungumze." Yule mzee akabaki na kipande cha chuma mkononi, hana pa kukigonga. Tulizungumza kweli. Tulijenga bani upya, na niliwajibika kuliko wote, lakini hakuna aliyeniita mhujumu tena. Misimu iliyofuata ni mimi niliyekuwa nafundisha wengine kuchochea.

Nilikuuliza siku moja umepata wapi moyo ule. Ukasema, "Nami niliogopa, mwanangu. Nilimwomba Yesu neno moja tu, maana mawili yangeharibu." Ukacheka, ukaendelea kutwanga.

Basi mbona mimi sikuomba hata moja? Hadithi hii nimemsimulia Eliza mara ngapi sijui, kila tukipika, mpaka alikuwa ananimalizia. Nimeihubiri kwa miaka, na ilipofika zamu yangu nikasimama upande wa wapiga kelele. Naona aibu, Mayu. Na kiburi changu kilikuwa kinaniambia mama mkwe hamfuati mkwe, atarudi mwenyewe akichoka.

Jana jirani yangu karudi kutoka Igunga kununua mchele. Alikutana na Eliza sokoni. Nikajikaza, nikamuuliza kama katuma neno lolote. Nilitegemea tusi, na ningelistahili.

Akasema, "Hakusema mengi. Kaniambia tu nikuulize, Mama, umekula?"

Jirani alishangaa kuniona nakaa chini pale pale kizingitini. Anadhani ni magoti.

Nimeshafunga kitenge na kikapu, Yona ananisindikiza stendi asubuhi hii. Sina hotuba. Nitabisha hodi, na akifungua nitamjibu alichouliza: sijala, mwanangu, toka ulipoondoka. Nimekuja tule.

Niombee huko uliko.

Mkweo, uliyemwita mwanao mbele ya watu.