Aliyewapeleka Madalali Yatta

Mdogo wangu Kyalo,

Kuna jambo nimelificha tangu mwaka ule kahawa ilipokosa bei, na kwa ajili yake ulimfukuza mkeo. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, nami najua maana yake. Barua nilizokutumia Mlolongo hukuzijibu, wala sikulaumu. Hii nimemwagiza binti yangu aisome mbele ya ukoo wote.

Unakumbuka tulivyoingia ofisi ya chama cha akiba na mikopo pale Kangundo? Mimi nakopa, wewe wanidhamini. Ulimwambia karani, "Andika jina langu vizuri. Huyu akitoroka nitamshika mwenyewe, najua anapojifichanga tangu tukiwa watoto." Karani akacheka hadi akavua miwani.

Kisha kahawa ikaanguka, na mimi nikaacha kulipa.

Madalali wa chama, wale wakamata mali za wadaiwa, hawakuja kwa kelele. Pikapu yao iliegeshwa mkabala na lango la shule, asubuhi baada ya asubuhi. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, akila mapera na kuwasalimu wanafunzi wangu kwa majina. "Mwalimu, sisi hatugombani na mtu," aliniambia. "Tunangoja tu." Nyumbani walipita sebuleni bila kugusa kitu, wakitazama upana wa mlango.

Nilikuwa nimeomba benki mkopo mwingine wa kumalizia nyumba za kupanga kwenye ploti yangu mjini. Jina langu lingefika huko pamoja na majina ya wasiolipa, ningekuwa nimekwisha. Wewe ulikuja jioni ukanituliza. "Kwangu hawapati kitu," ukasema. "Ng'ombe wangu wako Yatta kwa mkwe wangu, baba ya Ndunge, wanakula nyasi. Huku ni mimi, Ndunge na wewe tu tunajua."

Wiki hiyo hiyo wakachukuliwa wote, hata yule mweupe mwenye mimba. Nao hawakutosha. Jina lako likabaki chamani kama la mdaiwa, na ulipoomba mkopo wa mbegu, karani yule yule hakukutazama usoni.

Uliwahesabu waliojua, ukampata mmoja tu. Mimi hukunihesabu. Nani humhesabu kaka yake?

Nilikuwapo Ndunge alipotoka na kiondo chake na nguo za watoto. Wewe uliupa mlango mgongo. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, wewe umesoma. Mwambie huyu ndugu yako mimi siwezi uza ng'ombe za watoto wangu." Nikamjibu, "Mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba." Akaenda zake.

Ploti niliimaliza. Wapangaji wanalipa. Benki wananiita mteja mwaminifu. Siku hizi nikilala mchana nasikia gari likizimwa nje ya ua, na hakuna anayebisha hodi. Binti yangu hutoka kutazama, hurudi akisema hakuna gari.

Ndunge bado yuko Yatta. Kaka zake hawajamsamehe aibu ya siku ile. Watoto wao humwita muuza ng'ombe, naye hugeuka anapoitwa. Alikuja kuniona nilipozidiwa, akaninywesha uji kwa kijiko. Nilitaka kusema. Nilimeza.

Sikuombi uje kunizika. Baki salama, ndugu yangu, lakini kabla ya jambo lolote nenda Yatta. Usimuulize kitu tena. Umeuliza vya kutosha. Mwambie mbele ya kaka zake kwamba dalali aliniahidi hivi: mdhamini akilipa, jina langu halifiki benki. Mwambie nilipanda ile pikapu nikakaa mbele, nikawaelekeza kila kona, na tulipofika kwa baba yake nikalionyesha zizi kwa kidole, kisha nikapandisha kioo.

Ni mimi, mkubwa wako.