Ngoma Isiyotoka Jasho

Jumatatu, 3 Machi 1986

Kiongozi wa bendi ameleta kisanduku. Kidogo tu, kama redio, kimejaa vitufe. Ukibonyeza — dramu! Kubwa, ndogo, matoazi, hata makofi! Wenzangu wakakizunguka kama wanaangalia mtoto mchanga. Mimi nikaendelea kukaza stendi zangu. Miaka kumi na mmoja napiga dramu humu. Akasema nisiwe na wasiwasi, ni cha mazoezi tu. Cha mazoezi, halafu kimeunganishwa kwenye spika kubwa?

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeambiwa nikae pembeni. Kisanduku kakabidhiwa shemeji, mume wa dada, mpiga kinanda wetu. Kijitabu chake cha maelekezo kakisoma chote, lakini mdundo unatembea kama askari wa gwaride. Akanivuta kando: "Shem, nielekeze ule wako wa wimbo mpya." Nilitaka kukataa. Nikamwonea huruma. Saa tatu nzima! Hapa ongeza, pale punguza, hii isogeze. Mwishowe ukatoka — wangu kabisa! Nikacheka kwa furaha. Niko njiani narudi nyumbani ndipo nikaelewa nimefanya nini. Kaburi nimejichimbia, na jembe nimeleta mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Dada, mwimbaji wetu, amekwama. Ubeti wa tatu, anapopandisha sauti, mimi huongeza mwendo kidogo. Kisanduku hakiongezi. Mara tano anafika kabla yake! Kiongozi akamwambia anakimbia, mashine haikosei. Dada akanitazama. Nikainamia stendi zangu. Shemeji kaulinganisha mkanda wetu wa zamani wa nyimbo na kisanduku: anayekimbia ni mimi. Miaka yote! Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ni kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Sijapiga chochote. Mke wangu kasema nikapige dramu au nikalale, meza yake niache kuigonga kwa vidole.

Jumatatu, 10 Machi

Studio. Naandikia kwenye ngazi.

Nimepewa matoazi tu, nipige juu ya kisanduku, hedfoni masikioni nisikimbie. Nimekubali! Matoazi tu, mtu mzima! Tumerudia mara nne, dada anakwama palepale. Fundi wa kurekodi akauliza mdundo huu mtamu katunga nani. Kiongozi akajibu: mashine. Shemeji akainama kufunga kamba za viatu — na amevaa ndala!

Dada akavua hedfoni. Akasema haimbi mpaka kisanduku kizimwe na mdogo wake akae kwenye dramu zake. Mumewe akajishughulisha na vitufe. Kiongozi naye: basi, yuko mwingine wa kuimba, na matoazi nitampigia huyo.

Wananiita. Dada kasimama mlangoni na mkoba begani. "Unakuja, au unabaki?"

Kiongozi keshanikabidhi hedfoni alizovua dada. Bado zina joto la masikio yake.