Mjusi Juu ya Mtungi wa Mama Mkwe

Palma, Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapokaa chini kufinyanga. Vipi jiko lako la kuchomea vyungu, mlilijenga upya baada ya mvua? Mimi ni mzima wa mwili. Uso ndio sina.

Najua umeshaanza kufunga mizigo ya kuja kunipelekea posa kwa kina Somoe, na najua shemeji ameshatangaza Kilwa nzima. Kabla hujavuka Ruvuma nataka uyasikie kutoka kwangu, maana ukishuka tu kituoni hapa ukataja jina la Shabani, watakuuliza, "Yule wa mjusi?" Ningeweza kukupigia simu. Lakini nakujua, ungeangua kicheko kabla sijafika katikati, nami nisingeweza kuendelea. Ndiyo maana nimempa barua huyu mfanyabiashara wa vitenge anayerudi huko.

Nilikwambia nafanya kazi ya upishi kwa mama mmoja wa Kireno, Dona Lurdes. Ni kweli, napika. Ila nusu ya pili ya kazi yangu ni kulea mjusi, na hiyo sikukuambia wewe wala mtu mwingine yeyote.

Mjusi mwenyewe si wa huku. Asili yake ni visiwa fulani vya upande wa pili wa dunia. Alikuwa wa binti yake Dona. Binti alipokwenda kusoma akamwachia mama yake, na mama alipopata kazi kwenye mradi wa gesi akaja naye. Anaitwa Bento. Ana rangi ya tangawizi kavu, kichwa kipana, na juu ya macho ana vijinyama vilivyochongoka, safu mbili zinazoshuka mpaka mabegani, utadhani kope. Kope zenyewe hana. Jicho likiingia vumbi hulilamba kwa ulimi.

Anakaa kwenye sanduku la kioo lililosimama wima, kwa sababu kutembea chini hapendi, anapenda kupanda. Humo mna matawi na majani na udongo wa unyevu. Jua likizama nampulizia maji kwa chupa ya kupigia pasi, majani yalowe, naye hulamba matone. Chakula chake ni unga wa matunda kutoka Ureno. Naukoroga mpaka uwe kama uji wa mtoto anayeanza kula, kisha nauweka kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Mara mojamoja hupata nyenje hai, na nyenje hao sharti niwapake kwanza unga mweupe wa kumtia nguvu mifupa. Joto hawezi. Joto letu hili hili la kila siku linamuua. Basi chumba chake kina kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa, na mimi mwenye kumhudumia natokwa jasho jikoni.

Unakumbuka tulivyofundishwa chuoni kwamba mjusi kafiri ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahimu, na kwamba anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu kuliko anayemuua kwa pigo la pili. Wewe ulikuwa hodari wa kandambili kutushinda sote. Sasa mdogo wako anamkorogea uji. Unaelewa kwa nini sikusema.

Nyenje nilikuwa nawapata Quitunda, kijiji walichojengewa watu waliohamishwa kupisha mradi, ambako ndiko anakokaa Somoe na mama yake, Bi Zaina. Wana nyumba ya matofali yenye bati na kishamba cha mihogo. Kila nikienda kuwatembelea nilikuwa naomba jembe, nainama shambani, nafunua magugu, na kila nyenje anayeruka namtia koponi. Bi Zaina akawa ananisifu kwa majirani: "Huyu kijana wa Kilwa ndiye mwanamume. Akifika tu, jembe." Nilikuwa nasikia, nanyamaza, na sifa zikazidi kupanda. Naona aibu hata kuandika hili, kwa sababu magugu yenyewe nilikuwa nayarudisha chini.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Dona alikwenda likizo kwao, akaniachia nyumba na Bento. Kiyoyozi kikafa. Fundi akasema kifaa cha kubadilisha kinatoka Pemba ya huku, mji mkuu wa mkoa, si kisiwa. Nikatandaza taulo mbichi juu ya sanduku, nikafungua madirisha, haikusaidia kitu. Bati lilikuwa linachemka. Bento akaanza kukaa chini, mdomo wazi. Yeye asiyekaa chini! Nikajiuliza, katika dunia yote hii ninayoijua, mahali pa baridi bila umeme ni wapi? Jibu likaja kutoka kwako, dada. Nilikumbuka mitungi yako kwenye mchanga mbichi nyuma ya nyumba, nasi wadogo tukiegemeza mashavu.

Bi Zaina ana mtungi wa namna hiyo. Alihama nao kutoka kijiji chao cha zamani, ameupakata mapajani njia nzima. Ameujengea kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, ameuzika nusu kwenye mchanga anaoumwagia maji, na juu ameufunika gunia bichi. Nikamtia Bento kwenye kopo la plastiki lenye matundu, nikapanda pikipiki. Kwenye kizuizi askari akagonga kopo kwa kidole, akauliza, "Que é isso?", kitu gani hiki? Nikamwambia dawa. Nilipofika Quitunda wanawake walikuwa ndani wanapika. Nikaliingiza kopo chini ya gunia, likaegemea mtungi, nikalegeza kifuniko ili apumue vizuri.

Ningemwambia Bi Zaina ningekuwa na hasara gani? Lakini ningeanzaje? Mama, naomba mjusi wangu alale kwenye maji yako ya kunywa? Ulimi ulikataa.

Tena siku hiyo haikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala Mwalimu Ansumani, kaka yake Bi Zaina, alikuwa anakuja kuzungumza habari ya posa yangu. Somoe hana baba. Neno la mjomba wake ndilo neno. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na kanzu yangu iliyopigwa pasi, nimejiinamia kwa adabu, harufu ya wali wa nazi inatoka ndani. Mwalimu akasema koo limemkauka, akainuka mwenyewe kwenda kuchota maji.

Tukasikia, "Zaina! Kuna mjusi kwenye mtungi wako! Jamani, mkubwa huyu!" Kisha tukasikia anavua kiatu.

Dada, sijui nilifikaje kule. Nilichokiona ni Bento juu ya shingo ya mtungi, ametulia, anafurahia baridi yake, na Mwalimu ameinua kubadhi anasema bismillahi. Nikapiga kelele, "Mwalimu, usimpige! Ni wangu!" Nikapenyeza mkono. Kubadhi likanipata mimi kiganjani, paa! Bento akaruka. Huyu mjusi, dada, haendi kwa miguu akiogopa, anaruka kama chura. Akatua kifuani mwa Mwalimu, akaganda kwenye kanzu. Mkia wake ukabaki juu ya kata ya kuchotea maji, unacheza peke yake.

Mwalimu akatoa sauti ambayo sitaitaja kwa heshima yake. Na mimi, mbele ya mjomba wa mchumba wangu, mwanazuoni, mtu mzima, unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Polepole, Mwalimu, usimshtue."

Nikambandua taratibu, kidole kimoja kimoja, nikamrudisha koponi. Nilipogeuka, watu wote walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Kiumbe hiki kimefikaje kwenye maji yangu?" akauliza Bi Zaina. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikaeleza. Nilipofika kwenye uji wa matunda shangazi mmoja akajifunika mdomo kwa leso. Mwalimu, bado kaushika ukuta, akauliza, "Na nini kingine anakula, huyu mgeni wako?" Nikasema nyenje. Ndipo Somoe akasema kutoka mlangoni, polepole, kama mtu anayejisemea, "Mama, huyu alikuwa halimi."

Ningepigwa kubadhi jingine ningeshukuru.

Mwalimu aliondoka bila kula. Hakusema ndiyo wala hapana juu ya posa, alisema tu, "Mimi napewa thawabu, mtu anaikinga kwa mkono! Kijana maluco huyu, hana akili." Bi Zaina akayamwaga maji yote mchangani, akautoa mtungi kibandani na kuuacha uani, mdomo chini. Hakuniangalia. Nilirudi Palma kwa miguu kipande kirefu cha njia, kwa sababu sikutaka dereva wa pikipiki anione usoni.

Siku zilizofuata kiyoyozi kilipona na Bento akapona. Nikampelekea Dona ujumbe wa sauti, nikamwambia ukweli wote, nikamalizia, "Usijali, senhora, mkia utaota. Kwetu huota." Akanijibu kwamba wa Bento hauoti tena, ukikatika umekatika. Kisha akauliza kama yu hai, nikasema yu hai, akanishukuru. Shukrani ile iliniuma. Nina mjusi asiye na mkia, sina mchumba, na kila nikienda sokoni kununua nyanya kuna mtu ananiuliza wa nyumbani hajambo.

Nilidhani habari imeishia hapo, na barua hii ilikuwa iwe ya kukuambia usije. Lakini jana Bi Zaina alikuja mjini. Akasimama mlango wa jikoni na kikapu chake, hakuingia, akasema, "Nionyeshe."

Nikampeleka. Akazunguka lile sanduku pande zote bila kuligusa. Akatazama matawi, akatazama majani, akainua uso kukisikiliza kiyoyozi. Bento alikuwa amebandika tumbo kwenye kioo, kigutu chake kinaonekana wazi.

"Jani hili alichagua nani?"

"Dona, Mama. Bento anapenda majani mapana, analala juu yake."

"Na baridi hii?"

"Hawezi joto."

Akatikisa kichwa. "Sisi walipotuhamisha hakuna aliyeniuliza naweza joto au siwezi. Nimepewa bati, nikaambiwa obrigado, asante, basi." Niliona aibu kwa niaba ya kiyoyozi, kwa niaba ya jani, kwa niaba yangu niliyempulizia maji mnyama huyu kila jioni huku mama mkwe wangu akiumwagia mchanga maji kwa mkono ili apate kinywaji cha baridi.

Nikamwomba radhi. Safari hii nilipiga magoti, sakafuni, na chupa ya kupigia pasi mkononi.

"Inuka," akasema. "Kaka yangu hasira yake si ya dini. Ana hasira kwa kuwa alipiga ukelele na wanawake wakamsikia. Huyo niachie mimi. Na shamba, Ijumaa ijayo utakuja utalima, na nitakaa kizingitini nakutazama." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Lakini mtungi ule mimi sinywei tena. Nimejaribu. Nikiukaribia, mdomo unajaa mate ya kinyaa. Na ndio kitu pekee nilichotoka nacho kule kwetu."

Akafika mlangoni, akageuka.

"Dada yako si mfinyanzi? Somoe kaniambia. Basi mwandikie. Akija na posa, sitaki kanga, sitaki sahani. Aje na mtungi. Aufinyange mwenyewe, na asikubali mtu auguse njiani."

Kwa hiyo, dada, njoo. Najua goti. Najua njia, na kivuko, na jinsi watu wa basi wanavyorusha mizigo. Nakuomba hata hivyo, uupakate mapajani njia nzima, kama yeye alivyoupakata ule. Ufanye mpana kifuani, shingo nyembamba, na mfuniko unaobana.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze kutangaza. Msalimie Bibi Kizee wa mlango wa pili aliyenifundisha kukuna nazi, na mwalimu wetu wa chuo, ila yeye usimwambie habari ya thawabu. Watoto wabusu wote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja kituoni, nimejifunika kofia mpaka machoni,

Shabani