Magunia Mawili ya Unga

Jumanne, 4 Machi
Wamevutana mashati tangu asubuhi. Waziri wa Biashara anataka unga uwekewe bei ya mwisho, atakayeizidisha afungiwe duka. Wa Fedha akamjibu kwamba ukitangaza hivyo leo, kesho wenye maghala wanaficha mali, na wananchi wanabaki na bei nzuri ya kitu kisichokuwepo. Wa Kilimo anachezea kalamu tu. Mimi kwenye kiti changu cha ukutani, naandika muhtasari.

Mwishowe wameafikiana. Unga wa akiba ya serikali uingie madukani kwanza, ndipo bei itangazwe Jumatatu, mawaziri wote kwa kauli moja. Mpaka hapo, kimya. Bosi wa sekretarieti ametuambia wazi: likivuja neno, si kufukuzwa kazi, ni jela. Aliniangalia mimi. Au ni woga wangu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimenunua magunia mawili ya unga. Sisi huwa tunanunua mfuko mdogo! Nilikuwa napita tu duka la jumla, nikamfikiria mwanangu, nikafikiria maneno yale — kitu kisichokuwepo — nikajikuta natoa pesa.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, magunia yakishushwa. Akauliza kama kuna harusi ambayo hajaalikwa. Nikasema nimekuta bei nzuri.
"Bei nzuri? Mwezi huu?"
Akacheka peke yake. Neno la ofisini halijanitoka, nashukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Foleni. Nimeiona kutoka dirisha la basi, imezunguka jengo la posta. Kufika mchana, madukani hakuna unga mji mzima, na ule wa akiba bado haujatoka ghalani.

Nimerudi nikamuuliza mama mkwe, taratibu. Wala hakuficha. Eti hakusema lolote la maana, aliwaambia wenzake wa kwaya tu kwamba mkwe wake anafanya kazi ile ofisi ya mawaziri, na jana yake ameleta magunia mawili. Mengine wakajaza wenyewe.
"Na wamenishukuru sana," akasema.
Nikakaa juu ya gunia.

Jumamosi, 8 Machi
Baraza la dharura. Wa Biashara kamnyooshea kidole wa Fedha. Wa Fedha kamkumbusha kuwa shemeji yake ana kinu cha unga. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Sisi wa ukutani ni kama mapazia.

Simu zetu zimekusanywa. Halafu akasimama bwana mmoja wa usalama, mpole, sauti ya chini. Kasema simu ni kazi bure, yeye anaifuata foleni kinyumenyume. Kila aliyepanga anaulizwa alisikia kwa nani. Wameshafika kwenye kanisa moja, hajataja lipi. Hilo nalo nimeliandika kwenye muhtasari.

Naogopa. Mume wangu yuko safarini, na kwenye simu ya kuazima siwezi kumwambia.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwomba mama: mtu akiuliza, hapa hakuna gunia.
"Kwani umeiba, mwanangu?"
Hapana, mama.
"Basi?"
Kumwambia ukweli ni kumtia na yeye ndani. Tangu atoke kanisani anawagawia majirani unga kwa bakuli, na kila bakuli linatoka na jina langu.

Niko chumbani na mtoto. Hodi imepigwa sasa hivi. Nikajua ni jirani mwingine — siye. Sauti ya chini, ya upole. Mama anamvutia kiti. Anampa pole kwa jua, anasema vijana wa siku hizi mmekonda, foleni zitawamaliza. Anamuuliza kama naye amefuata unga.

"Ndiyo, mama. Kama upo."

Nasikia gunia linaburutwa. Mama ananiita, nije nimsalimie mgeni.